Kufurushwa ni Kauli ya Kutendwa

Mei 2008 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwaondoa kambini watu waliokuwa wakilala kwenye mahema tangu Januari, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ikaupa jina la Kiswahili: Operesheni Rudi Nyumbani. Ukilisikia jina hilo bila kujua yaliyotangulia, utaona ni jina jema, fupi, lenye upole wa mzazi anayemwita mtoto jua linapozama. Lakini miezi minne kabla yake, kwenye mashamba ya Uasin Gishu na Molo, na kwenye vyumba vya kupanga vya Naivasha, watu hao hao walikuwa wamefukuzwa kwa amri inayofanana nayo mno: rudini kwenu. Kitenzi kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni neno la mahali.

Maneno hayo mawili, nyumbani na kwenu, yanastahili kukaliwa kitako. Nyumbani ni nyumba iliyotiwa -ni. Ni pale penye mlango wako, sufuria zako, kitanda chako. Kwenu hakuhitaji nyumba. Kwenu ni kwa ukoo, kwa jina la babu, na mtu anaweza kukuuliza "kwenu wapi?" ilhali anajua vizuri unakoishi, kwa sababu ni jirani yako. Mtu aliyezaliwa Burnt Forest, akasoma huko, akazika wazazi wake huko, nyumbani kwake ni Burnt Forest. Kwao, kwa kinywa cha aliyemjia na panga, ni Nyeri au Kisii, mahali ambapo pengine hajawahi kulala hata usiku mmoja. Ukitaka kuuelewa mgogoro wa ardhi wa Bonde la Ufa, unaweza kuanza na vitabu vya hatimiliki, au unaweza kuanza na pengo lililopo kati ya maneno haya mawili. Utafika pale pale.

Kwa hiyo naipa serikali haki yake: ilipochagua "nyumbani" badala ya "kwenu" ilichagua neno lililo upande wa aliyefukuzwa. Neno hilo lilisema kwamba Mkenya ana haki ya kuishi alikojenga. Kasoro ilikuwa kwingine. Nyumbani ni lazima pawe na nyumba, na wengi wa waliobaki kambini baada ya operesheni hiyo hawakuwa wenye mashamba. Walikuwa wapangaji, wenye vibanda vya biashara, vibarua, watu walioishi kwenye kipande cha ardhi kwa maelewano ya mdomo tu. Mpango ulitoa shilingi 10,000 kwa kila kaya za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa aliyechomewa nyumba ili aijenge upya. Mpangaji wa chumba kimoja angejenga nini, na juu ya ardhi ya nani? Wengine waliorudi walifika karibu na mashamba yao lakini hawakuthubutu kulala humo, wakapiga mahema tena kwenye vituo vya mpito, kando ya barabara au karibu na kituo cha polisi. Katika hesabu za serikali kambi kubwa zilikuwa zimefungwa. Neno la operesheni lilikuwa limetimia kwenye karatasi.

Tukiwa hapo hapo kwenye majina ya operesheni: baada ya Rudi Nyumbani zilikuja Ujirani Mwema na Tujenge Pamoja. Na mwezi Machi mwaka huo huo jeshi lilikuwa limeingia Mlima Elgon kupambana na wapiganaji wa SLDF, walioua na kufukuza watu kwa ajili ya ardhi, katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za wanaume waliokusanywa na kuteswa katika kambi ya kijeshi ya Kapkota; jeshi lilikanusha. Naliweka jina hilo kando ya lile la kwanza kwa sababu serikali zetu zimejifunza kwamba Kiswahili, hasa kikiwa amri fupi ya kirafiki, huufanya mpango wowote usikike kama jambo ambalo raia mwenyewe ameliomba.

Sasa neno lenyewe la watu hawa. Katika vyombo vya habari na kwenye nyaraka za mashirika wanaitwa wakimbizi wa ndani. Mkimbizi ni neno lililoundwa kutokana na kukimbia, kama mtembezi lilivyotoka kwenye kutembea na mtegemezi kwenye kutegemea. Ni mtenda. Anakimbia, basi ni mkimbizi. Sikio hata hivyo linasikia pia kimbiza ndani yake, kana kwamba neno limebeba kivuli cha yule anayemfuata nyuma, lakini sarufi haimtambui huyo. Sarufi inasema mkimbizi amefanya tendo la kukimbia, na kazi yote ya neno imeishia miguuni mwake.

Kwa mkazi wa Kigoma, neno mkimbizi lina uso unaojulikana. Ni Mrundi au Mkongo wa kambi ya Nyarugusu au Nduta, aliyevuka mpaka, mwenye kadi. Mwambie mtu huyo kuna "wakimbizi wa ndani" naye atakuuliza, kwa haki kabisa, mtu anakimbiliaje ndani ya nchi yake. Swali lake lina uzito kuliko anavyodhani. Mapema 2008 maelfu ya Wakenya walivuka Malaba na Busia wakaingia Uganda. Waliwekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Hao walikuwa wakimbizi bila kivumishi. Walikuwa na Mkataba wa 1951 nyuma yao, na shirika la Umoja wa Mataifa lililoundwa kwa ajili yao. Jirani yao aliyefukuzwa asubuhi ile ile, kwa moto ule ule, lakini akapanda lori lililoelekea Nakuru badala ya Malaba, hakuwa na mkataba wowote wa aina hiyo. Alikuwa chini ya serikali yake mwenyewe, ile ile iliyokuwa imeshindwa kumlinda.

Dunia ilichelewa kulipatia jambo hili jina. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulimteua Francis Deng, msomi na mwanadiplomasia wa Sudan, kulishughulikia, na mwaka 1998 ikatoka Miongozo inayosema mtu huyu ni nani: aliyelazimika kuyaacha makazi yake kwa sababu ya vita, ghasia, ukiukaji wa haki au maafa, bila kuvuka mpaka wa nchi unaotambuliwa. Miongozo hiyo haikuwa sheria inayozifunga serikali. Afrika ndiyo iliyotangulia bara lolote jingine kuandika mkataba wenye nguvu hiyo: Mkataba wa Kampala wa Oktoba 2009, ulioanza kutumika Desemba 2012. Naona fahari juu ya jambo hilo, na naona uchungu pia, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na sababu nyingi za kuuandika.

Waliolala kwenye mahema wao hawakujiita wakimbizi wa ndani. Walijiita maaidipii. Herufi tatu za Kiingereza, IDP, zilizoingia kambini pamoja na magunia ya unga na maturubai, zikapewa ma- ya wingi na zikaanza kuzaa: mtoto wa aidipii, shule ya maaidipii, shamba la maaidipii, na baadaye, wanasiasa walipochoka kuulizwa, aidipii feki. Sina ugomvi na neno la mkopo. Lakini angalia lilivyofanya kazi. Aidipii halina kitenzi ndani yake. Ni cheo, tena cheo kinachotolewa na mwenye orodha. Ukishakuwa cheo unaweza kukaguliwa, kughushiwa, kuongezewa muda au kufutwa. Mtu aliyechomewa nyumba hawezi kuwa feki. Ama ilichomwa ama haikuchomwa. Aidipii anaweza. Katika miaka iliyofuata mijadala mingi ilihusu nani ni aidipii wa kweli, na michache ilihusu nani aliwasha kiberiti.

Hapa ndipo Kiswahili kina utajiri ambao lugha ya orodha haina, nao umo kwenye kauli za vitenzi. Kuna kauli ya kutendeka: nyumba imevunjika, watu wametawanyika, hali imechafuka. Kuna kauli ya kutendwa: nyumba imevunjwa, watu wametawanywa, hali imechafuliwa. Tofauti si ya herufi moja au mbili tu. Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda. Huwezi kusema "nyumba imevunjika na jirani" ukaeleweka, sentensi itakukatalia. Kauli ya kutendwa inakaa ikisubiri: imevunjwa... na nani? Hata usipomtaja, nafasi yake iko wazi, na msikilizaji anaiona.

Rejea sasa msamiati wetu wa miaka hiyo. Tuliziita siku zile machafuko, jina lililotokana na kuchafuka, kana kwamba nchi ilitibuka yenyewe kama bahari. Tulisema watu walitawanyika. Tulisema walihama makwao. Kuhama! Mtu huhama Buruburu akahamia Kayole kwa sababu kodi imepanda. Huhama na kabati lake, juu ya mkokoteni, akiaga majirani. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliojificha ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, wakiwemo wanawake na watoto, walichomewa humo. Mwisho wa mwezi huo, Naivasha, familia zilifungiwa ndani ya nyumba ikatiwa moto, na walionusurika mjini humo wakakimbilia kituo cha polisi na gereza kabla ya kupakiwa kwenye mabasi ya kuelekea Kisumu. Hakuna aliyehama hapo.

Neno langu, na nimekuwa nikilipigania kwenye kila mswada ninaopewa kuhariri, ni waliofurushwa. Sikulibuni, vyumba vya habari vya Nairobi vimelitumia kwa miaka mingi. Kufurusha ni kumwondoa mtu mahali kwa nguvu na kwa ghafla. Lina sauti ya kitu kinachoruka kwa hofu kutoka vichakani. Na liko katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo halikubali kufunga mdomo. Waliofurushwa na nani? Kwa amri ya nani? Kwa faida ya nani? Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 na ikayauliza maswali hayo kwa maandishi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia huru washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa. Kesi za Kenya zilizopelekwa The Hague ziliisha bila mtu kutiwa hatiani kwa ghasia zenyewe. Kwa hiyo ile nafasi baada ya "na" bado iko wazi, na ni afadhali lugha iendelee kuionyesha kuliko kuifunika kwa neno lisiloihitaji.

Nilisema kulikuwa na yaliyotangulia. Kufurushwa huku hakukuanza 2007. Kati ya 1991 na 1994, mfumo wa vyama vingi uliporudi, Molo, Olenguruone, Burnt Forest na Enoosupukia zilichomwa. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufurushwa. Watu wa Bonde la Ufa mpaka leo huziita siku hizo kleshi, neno la magazeti ya Kiingereza lililosema pande mbili ziligongana, wakati ripoti baada ya ripoti zilieleza upande mmoja ulivyopangwa na kubebwa. Desemba 1994 kambi ya Maela, karibu na Naivasha, ilivunjwa na maofisa wa serikali usiku. Watu wakapakiwa kwenye malori na kwenda kumwagwa Mkoa wa Kati, ule ambao kabila lao lilihesabiwa kuwa "kwao". Huo ndio mfano ninaoukumbuka kila mtu anapoimba sifa za kurudishwa watu. Serikali ile ile inaweza kukurudisha nyumbani leo, na kesho kukurudisha kwenu.

Agosti 1997 ilikuwa zamu ya Likoni. Huko neno lilikuwa wabara. Wabara waende kwao. Maelfu walilala kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni wakisubiri kuvuka feri. Mimi ni mpenzi wa Kiswahili cha pwani, na linaniuma kwamba neno lililokuwa la jiografia tu, mtu wa bara, liligeuzwa kuwa hati ya kufukuzia. Bonde la Ufa lilikuwa na lake: madoadoa. Doa ni alama kwenye nguo. Madoadoa ni alama nyingi ndogo ndogo, na anayeyataja hahitaji kumaliza sentensi, kwani kila mtu anajua nguo yenye madoa hufanywa nini. Kwekwe nalo limetoka shambani: magugu. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na madoadoa, kwekwe na wabara waende kwao yalikuwemo. Wapo waliocheka wakisema huwezi kulipiga neno marufuku. Sikucheka. Kila mara watu wetu walipofurushwa, neno la kufulia au la kupalilia lilikuwa limetangulia majukwaani kwa miezi.

Yapo pia maneno ya pesa. Zile shilingi 10,000 hazikuitwa fidia. Fidia ni neno zito. Lina maana kwamba kuna kosa, kuna aliyekosewa, na kuna anayewajibika kulipa kiasi kinacholingana na hasara. Ziliitwa msaada, pesa za kuanzia, na kwa vinywa vya waliopewa, ile elfu kumi. Tanzania wamekuwa wakweli zaidi juu ya jambo kama hili, ingawa kwa habari ya tembo na fisi: mnyamapori akila mazao au akiua mtu, serikali hutoa kifuta jasho au kifuta machozi, na hiyo haihesabiwi kuwa fidia. Mwananchi akisikia neno hilo anajua kimbele kwamba machozi yatafutwa lakini shamba halitarudi. Mwaka 2013 serikali mpya ya Kenya iliamua kuwapa waliobaki kambini shilingi 400,000 kwa kaya wajitafutie ardhi wenyewe. Kiasi kilipanda mara arobaini, jina halikubadilika. Bado haikuwa fidia.

Waliopokea ile elfu kumi, wengine walifanya jambo ambalo serikali haikulipanga. Walichanga. Vikundi vya kaya kadhaa vilikusanya noti zao wakanunua vipande vya ardhi pamoja, wakagawana vijiwanja vidogo, wakapiga mahema upya juu ya udongo ambao sasa ulikuwa wao. Makazi ya namna hiyo yalitokea Nakuru, Nyandarua na kando ya barabara ya Maai Mahiu. Usome majina waliyoyapa: Jikaze. Vumilia. Hayo ndiyo majina ya operesheni ninayoyaamini. Nayo ni amri, kama Rudi Nyumbani ilivyokuwa amri, ila hapa anayeamuru na anayeamriwa ni mtu mmoja. Ile ji- ya Jikaze inafanya kazi ambayo hakuna wizara ingeweza kuifanya: inamfanya mtenda na mtendwa wawe mwili mmoja. Baada ya miezi ya kufurushwa, kuhesabiwa, kupakiwa na kuhamishwa, ndicho kitenzi cha kwanza walichokishika wenyewe.

Limebaki neno moja ambalo limenisumbua kuliko yote. Serikali ilihesabu waliofurushwa 663,921. Kati yao 350,000 walikuwa kwenye makambi 118. Waliosalia, 313,921, walikuwa kwa jamaa, kwa marafiki, kwenye vyumba vya kupanga. Kwa Kiingereza cha ofisini waliitwa kwa jina linalosema kwamba wameshachanganyika na jamii, na magazeti yetu yakafasiri: wakimbizi waliotangamana. Kutangamana ni neno zuri la watu walioelewana na kutulia. Familia ya watu saba iliyolala sebuleni kwa shemeji Keroka au Ahero, watoto wakibadilishana zamu ya godoro, haikuwa imetangamana na yeyote. Lakini kwa kuwa jina lao lilisema wametulia, na kwa kuwa hawakuwa na hema la kupigwa picha, walisahaulika kwa miaka, na wakati mwingine wakaambiwa si maaidipii kamili.

Kiswahili kina kusitiri. Kumsitiri mtu ni kumfunika asiaibike, kumpa pa kujihifadhi bila kumtangaza. Waliositiriwa: hilo ndilo lingekuwa jina la wale 313,921, nalo pia ni la kauli ya kutendwa, na swali linakuja lenyewe: waliositiriwa na nani? Safari hii jibu linajulikana. Ni dada aliyeolewa Kisumu, mjomba mwenye vyumba viwili, mjane aliyefungua duka lake watu walale kwenye sakafu, na mara kadhaa, hukohuko kulikochomwa, jirani wa kabila la waliochoma aliyeficha watoto chini ya kitanda chake. Mpango wa 2008 ulimlipa aliyefurushwa. Aliyempokea akagawa unga wake hakuwa na fungu. Bunge lilipopitisha Sheria namba 56 ya 2012, kichwa cha sheria hiyo kilitaja pamoja na wakimbizi wa ndani jamii zilizoathirika, na hapo wenyeji hawa wanapata kamlango kadogo. Siku sheria hiyo itakapofasiriwa kikamilifu, naomba mfasiri awape mlango mpana zaidi, kwa maneno ambayo mama wa Ahero atayasoma akajiona: sheria ya waliofurushwa na waliowasitiri.